Mwanafunzi Naye Alikuwa na Zamu Hekaluni

Somo: 1 Mambo ya Nyakati 23:1-5 na 25:1-8

Mliokuwa ibada ya pili Jumapili mlinivumilia nikisoma majina, kutoka Asafu na wanawe mpaka yule Romamti-ezeri ambaye ulimi wangu ulimkataa mara mbili. Muda ulituishia kabla sijafika nilipokuwa naenda, na wengi mmeniuliza majina yale yote yalikuwa ya nini. Nitajibu hapa.

Anza na sura ya 23. Daudi amezeeka, hekalu halijajengwa, na yeye anapanga wafanyakazi wa nyumba ambayo hataiona. Anahesabu Walawi. Wanapatikana 38,000. Kati yao 24,000 wanasimamia kazi ya nyumba ya Bwana, 6,000 ni maafisa na waamuzi, 4,000 ni mabawabu, na 4,000 wanamsifu Bwana kwa vyombo vya muziki. Mimi nilisomea biashara, na nikiona hesabu ya wafanyakazi naiangalia kwa jicho hilo. Swali la kwanza ni: hawa waliohesabiwa ni wa umri gani? Mstari wa 3 unajibu. Miaka 30 na kuendelea. Mbele kidogo katika sura hiyo hiyo umri unashushwa hadi 20, sawa, lakini hesabu iliyotoa wale 4,000 wa vyombo ni ya watu wazima. Watu wenye ndevu, wenye wake na madeni.

Sasa ruka hadi sura ya 25. Pale tunapewa hesabu ya pili, 288, makundi 24 ya watu 12 kila moja. Hao ndio waliofundishwa kuimbia Bwana wakawa hodari. Weka hesabu hizo mbili pamoja, 4,000 na 288. Ni kama fundi mmoja kwa watu 14. Mimi nikiona mpango wa namna hiyo siiti bendi. Naona chuo, na wanaosoma humo si watoto.

Halafu mstari wa 8, ambao ndio sababu ya mahubiri haya yote. Walipopanga zamu walipiga kura, na kura ile haikuangalia nani mkubwa nani mdogo, wala nani anafundisha nani anafundishwa. Wote waliingia kwenye kura sawa. Hebu soma tena polepole. Mtu ambaye bado anajifunza alikuwa na zamu. Hakuambiwa akae nyuma ya pazia mpaka amalize, ndipo aje mbele za Bwana akiwa tayari.

Tuje kwetu.

Wiki tatu zilizopita, Jumatano, mzee wetu mmoja, dereva mstaafu, alipiga gitaa la besi katika maombi ya jioni. Mzee huyu alianza kujifunza mwezi wa pili mwaka huu. Besi ina nyuzi 4, na mwanafunzi hufundishwa kwanza kupiga sauti moja tu, ile ya msingi, na kuhama wimbo unapohama. Nyimbo mbili za kwanza zilienda vizuri. Katika ule wa tatu waimbaji walipandisha wimbo ghafla, kama wanavyopenda wakishapata moto, na besi ikabaki kule ilikokuwa. Kwa kama mistari miwili hivi gitaa lilikuwa na wimbo wake na sisi tuna wetu. Kisha mzee akatoa mkono kwenye nyuzi, akanyamaza, akasikiliza, akaingia tena mahali panapofaa. Tukaendelea, watu wakaomba, tukaenda nyumbani.

Kumbe kuna mtu alikuwa anarekodi. Kabla sijafika kwangu klipu ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la kanisa, imekatwa pale tu alipopotea. Ile sehemu ya kusikiliza na kurudi haikuwemo. Chini yake watu wetu walikuwa wamejaza vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Nilihesabu 31 kabla msimamizi wa kundi hajaifuta.

Mzee hakuja Jumatano iliyofuata, wala ile nyingine. Nilienda kwake. Tulikunywa chai, tukaongea habari za mvua na za wajukuu, na hakuligusa jambo hilo mpaka nilipoinuka kwenda. Akaniambia, "Pasta, mimi nimepeleka lori Malaba miaka thelathini. Usiku, mvua, yote. Sijawahi kuchekwa na mtoto." Gitaa lilikuwa limelazwa juu ya kabati, limefunikwa kwa shuka. Amenipa ruhusa niandike haya, ila jina lake niliache.

Simtafuti aliyerekodi. Kama ni wewe, unajua mlango wa mzee uko wapi, na anapenda chai ya tangawizi. Ninachotaka sote tuone ni kile kilichokatwa kwenye klipu. Mwalimu wetu wa muziki, binti wa miaka 19 mnayemjua, aliniambia kwamba kitu kigumu kuliko vyote kwa anayeanza ni kunyamaza katikati ya wimbo, kusikiliza wenzake wako wapi, kisha kuingia tena bila kuvuruga. Wengi wakipotea huendelea kubonyeza kwa nguvu zaidi, ama wanaacha kabisa. Mzee wetu alifanya jambo la mwezi wa kumi akiwa kwenye mwezi wa tano. Sisi tukalikata tukacheka.

Mimi mwenyewe ni mwanafunzi katika darasa hilo. Tulianza sita mwanzo wa mwaka, wote tumepita miaka 30, na mimi niko kwenye kinanda. Binti huyo ananiita Pasta kwa heshima zote, kisha ananiambia nishushe mabega na niache kukazana kama mtu anayefungua mfuniko wa jeri. Nina miaka 34. Naweza kukuandikia mpango wa biashara kabla ya chakula cha mchana. Lakini ukiniambia mkono wa kushoto ushike sauti ndefu huku wa kulia unatembea, mikono yangu inakuwa kama watu wawili wanaogombania blanketi.

Na nimegundua kwa nini jambo hili humuuma mtu mzima kuliko mtoto. Si kwamba vidole vimekauka. Ni masikio. Mtu wa miaka 40 amesikia muziki miaka 40. Anajua kabisa wimbo unavyotakiwa kusikika, na kwa hivyo anasikia kila kosa lake kabla wewe hujalisikia. Mtoto wa miaka saba akibonyeza vibaya anafurahia kelele tu. Sikio la mtu mzima liko Mombasa na mkono wake bado uko Mtito Andei. Sasa mtu huyo, ambaye tayari anajisikia vibaya bila msaada wa yeyote, mwongezee vicheko 31.

Kuna hoja nyingine niliyoisikia wiki hizi, na hii ni ya kiroho, kwa hivyo siwezi kuiruka. Watu wawili waliniambia, kwa nia njema, kwamba kupiga chombo madhabahuni ni jambo la upako. Mungu akikupa kipawa amekupa, asipokupa, kujilazimisha ukubwani ni kupigana na mapenzi yake.

Naamini upako. Kanisa hili linaamini upako. Lakini tuulize Biblia. Katika 1 Samweli 16 Daudi anapakwa mafuta na Samweli, na muda si mrefu watumishi wa Sauli wanamtafutia mfalme mtu wa kumpigia kinubi. Wanatafuta mtu anayejua kupiga, na mmoja wao tayari amemwona kijana wa Yese na anamjua kwa ustadi wake. Pembe ya mafuta haikumfundisha vidole. Vidole vilijifunza huko nyuma, na mafuta yakakuta mkono unaojua. Nenda 2 Wafalme 3. Elisha anahitaji neno la Bwana, wafalme watatu wamesimama mbele yake jangwani bila maji, naye anaomba aletewe mpiga kinanda. Yule mtu alipopiga, mkono wa Bwana ukamjia nabii. Jina la mpigaji halijaandikwa. Lakini kuna siku nyingi kabla ya hiyo ambapo alikaa peke yake akirudia rudia, majirani wakimvumilia.

Utaniambia, na Bezaleli je? Vizuri, hata mimi ningeuliza hivyo. Kutoka 31 inasema wazi kwamba Mungu alimjaza Roho wake, na pamoja na Roho ujuzi wa kazi za mikono. Hapo kipawa kimetoka juu moja kwa moja. Lakini fungua Kutoka 35 mstari wa 34. Mungu huyo huyo alitia moyoni mwa Bezaleli, na Oholiabu pia, kufundisha. Kwa nini kufundisha, kama kila mtu angejazwa tu akaanza kuchonga? Huyo aliyejazwa alipewa wanafunzi. Na wale wanafunzi walikuwa watu waliotoka Misri jana, ambao mikono yao ilizoea kufinyanga matofali ya Farao. Ukubwani wakajifunza dhahabu na nyuzi za kufuma.

Kuna mama mmoja hapa kwetu, anauza mboga sokoni, ana miaka 47. Alinijia baada ya ibada akaomba nimwekee mikono apokee kipawa cha kinanda. Nilimwombea, na niliomba kwa moyo wote. Nilipomaliza nikamwambia, "Mama, Jumamosi saa tisa, chumba cha Shule ya Jumapili." Akacheka. Kisha akawa makini, akasema hakumaliza darasa la saba, na huko shuleni aliambiwa mara nyingi kwamba kichwa chake ni kizito. Alidhani njia ya maombi ndiyo pekee iliyobaki kwa mtu kama yeye.

Alikuja. Kwao hakuna kinanda, kwa hivyo alichukua boksi la ndizi, akalikata, akachora vitufe kwa kalamu nyeusi kwa kipimo kile kile cha kinanda cha kanisa. Boksi hilo linakaa chini ya meza yake ya sukuma wiki. Wateja wakipungua mchana analitoa na kuzoeza vidole. Halitoi sauti, hivyo anaimba mwenyewe.

Kwa wasiojua, anachozoeza ni hiki. Unabonyeza sauti tatu kwa pamoja, wapigaji wanaziita kodi, wala si ile ya KRA. Kwa solfa, ambayo wengi wenu mliifahamu kwaya, ya kwanza ni do-mi-so. Ya pili ni fa-la-do. Ya tatu ni so-ti-re. Ukiziangalia hizo tatu, sauti zote saba za ngazi zimo ndani, hakuna iliyoachwa nje. Ndiyo maana nyimbo nyingi sana za Tenzi na mapambio yetu zinaweza kubebwa na hizo tatu peke yake. Si uhodari wa kushangaza watu, lakini ushirika wa nyumbani unatosheka nazo.

Basi mwezi uliopita mama huyu alipiga katika ushirika wao wa nyumbani, kwa kinanda cha kuazima. Nilikuwepo. Mabadiliko kutoka kodi ya kwanza kwenda ya tatu yalikuwa yanamchukua muda, anaangalia chini, anatafuta vidole. Na ushirika ule, watu kama kumi na wawili hivi, hawakumpita. Walishika lile neno la mwisho la mstari, wakalivuta, wakalivuta, mpaka mkono wake ulipofika, kisha wote wakaingia mstari unaofuata. Ubeti baada ya ubeti. Wimbo wa dakika tatu ulichukua karibu saba. Sijaona ibada nzuri kama hiyo mwaka huu, na nasema hivyo nikiwa nimehudhuria makesha yenye spika kubwa kuliko nyumba ile.

Nataka mlinganishe vyumba hivyo viwili, kile cha Jumatano na kile cha ushirika. Waliokuwa wanajifunza walikuwa karibu kiwango kimoja. Tofauti ilikuwa kwa waliokuwa wamekaa.

Sasa habari ya pesa, maana iko mezani na ni vizuri kila mshirika aijue. Kijana aliyekuwa akitupigia kinanda aliondoka miezi miwili iliyopita, akaenda mahali panapomlipa zaidi. Simlaumu. Ana nyumba ya kukodi na mdogo wake yuko shuleni, na tulipokuwa naye alifanya kazi yake kwa uaminifu. Tulimpa shilingi 2,000 kila Jumapili, ambayo kwa mwaka wa Jumapili 52 ni 104,000, bila makesha. Kamati inakutana Jumanne ijayo na ina mapendekezo mawili: kutafuta mpigaji mwingine wa kulipwa, au kuweka pesa hizo kwenye darasa, yaani kumlipa mwalimu wetu vizuri, kununua kinanda cha pili na kutengeneza kile cha zamani. Wengine wamesema klipu ya Jumatano imeshaamua, tuajiri. Mchungaji kiongozi amenipa ruhusa niseme maoni yangu, na ni maoni yangu tu. Niko upande wa darasa, na tena darasa la watu wazima.

Vijana tuwafundishe, ndiyo, waendelee. Lakini tuseme ukweli. Kijana akimaliza Fomu Nne anaenda chuo, anaenda Nairobi, wengine wanaenda Qatar na Dubai. Tumefurahi nao na tumewaombea safari. Mama wa sokoni haendi popote. Mzee wa lori ameshafika alikokuwa anaenda, shamba lake liko nyuma ya kanisa. Chuoni tulifundishwa kwamba ukiweka mtaji uangalie utakaa wapi.

Nina sababu nyingine ambayo haiko kwenye vitabu vya biashara. Kanisa likilipa fundi, sisi wengine tunabaki wasikilizaji, na msikilizaji anayelipia huanza kudai ubora kama mteja hotelini. Nadhani vile vicheko vilitoka hapo. Tulizoea kununua, ndiyo maana mwenzetu alipotuletea alichonacho tulimpima kama bidhaa. Wazee wa zamani walisema mcheza kwao hutunzwa. Angalau wao walijua la kufanya mtu wa nyumbani anapoingia uwanjani.

Kama unadhani ukubwani haiwezekani, muulize mtu wa Siaya habari za Anyango. Jina lake la kuzaliwa ni Eriko Mukoyama, Mjapani. Alikuja Kenya akiwa mtu mzima, akaenda kijijini kukaa miguuni pa mwalimu na kujifunza nyatiti, chombo cha nyuzi 8 ambacho kwa desturi ya Wajaluo kilipigwa na wanaume. Akajifunza na lugha pia. Leo anapiga nyatiti kwao Japani na kwingineko. Sina hakika kama alichekwa, ila naweza kukisia. Sisi hatujaombwa kuvuka bahari. Tumeombwa kuvuka ua.

Mambo machache ya kazi kwa wanaotaka kujiunga. Dakika 15 kila siku zinashinda saa mbili za Jumamosi pekee. Wa gitaa, ncha za vidole zitauma wiki za kwanza mpaka zitengeneze sugu. Ni kawaida, usiache hapo ukaanza upya mwezi ujao, maana sugu nayo itakuwa imeondoka. Wa kinanda, tutaanza na ufunguo wa C. Najua wapigaji wengi wa makanisa yetu wamejifundisha kwa vitufe vyeusi, F#, na wimbo ukipanda wanabonyeza kile kitufe cha kuhamisha sauti. Siwadharau, wamefika mbali bila mwalimu. Lakini siku ukikutana na piano isiyo na kitufe hicho, umekwama, na mwalimu wetu hataki mtu akwame.

Wasiojiunga, mna kazi pia. Waimbaji, mkitaka kupandisha wimbo Jumatano, mpeni mpigaji ishara kwanza, mtu mmoja anyooshe kidole juu. Wenye simu, katika maombi ya Jumatano tutaziacha mifukoni kuanzia sasa. Mchungaji kiongozi amelikubali hili, si ombi langu peke yangu. Na mpigaji akichelewa kufika, vuteni neno.

Mzee wetu amesema atakuja Jumatano hii. Ameomba zamu ya nyimbo mbili tu, na wote wawili visipandishwe. Sikuenda kumbembeleza mara ya pili. Alinipigia simu mwenyewe, akaniuliza kama waya wa amplifaya umetengenezwa, nikamwambia umetengenezwa.

Darasa ni kila Jumamosi saa tisa hadi saa kumi na moja jioni, chumba cha Shule ya Jumapili, kuanzia miaka 30 bila kikomo. Hakuna ada. Mwenye gitaa lililokaa nyumbani bila kazi alilete hata kama nyuzi zimekatika. Asiye na chombo alete boksi tupu, tutampimia na kumchorea vitufe. Kinanda tulicho nacho kina vitufe 61, na viwili vya juu kabisa havitoi sauti, lakini hakuna wimbo wetu unaofika huko.